Sampuli ya Kumi na Saba

Duka la Mahfudhi liko nyuma ya soko la samaki, Sibu,
kati ya mshona kanzu na muuza chaja za simu.
Saa tano asubuhi, joto limeshavuka arobaini na tatu,
kiyoyozi chake kinadondosha maji kwenye kopo la maziwa ya unga.

Niliingia na kitambulisho kifuani, glavu mfukoni,
Yaqubu nyuma yangu na mizani.
Mahfudhi akanisemesha Kiswahili, makusudi,
ili Yaqubu ajue sisi ni watu wa nyumba moja:
"Leo hunipi shikamoo, Thuraiya?"
Nikampa. Kisha nikamwomba leseni.

Ubani, sawa. Ndimu kavu, sawa.
Habasoda ina tarehe, ina nchi,
ina jina la mtu wa kulaumiwa.
Nikainama chini ya kaunta.

Pakiti za karatasi ya fedha. Unga wa kijani,
kijani cha mchicha uliokaushwa ukasahauliwa.
Juu yake neno moja la Kiarabu: Nguvu.
Hakuna uzito. Hakuna kipimo.
Hakuna mstari wa kumwambia mjamzito asiguse,
wala mtu wa vidonge vya presha aulize kwanza.

"Kratomu," nikasema. Neno likanikaa vibaya mdomoni,
kama jina la mgeni aliyeingia bila hodi.
"Majani tu," akasema. "Wenyewe huko Siamu
wanatafuna tangu enzi za mababu.
Na kizuri, mdogo wangu, chajiuza."
Nusu ya pili ya methali tunaijua sote.
Sikuimalizia. Yaqubu alikuwa anapima.

Sikumtajia Hilali, dereva wa lori la saruji,
aliyekutwa kando ya barabara ya Barka, injini inaunguruma,
kichwa juu ya usukani, macho manjano kama bizari.
Mkewe alituletea pakiti ndani ya mfuko wa mkate.
Kijiko kimoja, alisema, kisha viwili,
kisha akaacha kuhesabu.
Maabara walipima pakiti tatu za rangi moja:
ya kwanza hafifu kama chai ya majani yaliyorudiwa,
ya pili kali mara nne,
ya tatu ina kitu
ambacho hakijaota kwenye mti wowote.

Nikaandika, nikafunga, nikabandika muhuri.
Sampuli ya kwanza hadi ya kumi na sita.
Mahfudhi akatia saini bila kusoma,
akanirudishia kalamu, akauliza polepole:
"Na mama, magoti hayajambo?"

Jioni nikafungua kabati la jikoni kwetu.
Iliki, mdalasini, kopo la biskuti.
Ndani ya kopo, kijani.

"La nani hili?"
"La mwenye magoti."

Hakuinua macho, alikuwa anachambua mchele.
"Miaka mitatu nakwenda hospitali.
Wananipa panadoli na tarehe ya kurudi.
Mahfudhi ananipa usingizi.
Mimi na mamake tulitoka Unguja ndege moja,
tukalalia shuka moja. Leo mwanawe aniue?"

"Hataki kukuua, mama. Hajui anachouza.
Hiyo ndiyo shida yote."

Akapepeta. Pumba zikaruka kidogo.
"Na hiyo fomu yako, ina pa kuandika maumivu?"

Nikaigeuza, kana kwamba siijui.
Jina. Uzito. Rangi. Mahali ilipopatikana.

Nikapima kwa mizani yake ya keki: gramu sitini na mbili.
Mahali, niliandika *nyumba ya mtu*, nikakata,
nikaandika jina la mtaa wetu na nambari ya mlango.
Kisha nikapiga simu kliniki ya mifupa.
Nafasi ya karibu, walisema, Jumatano ya wiki ya tatu.

Usiku nikamsikia ukumbini:
kandambili, kimya, kandambili.
Sampuli ya kumi na saba iko mkobani mwangu, imefungwa vizuri,
na kila anaposimama
nahesabu mpaka aanze tena.